KUIELEZA NYUMBA KWA NOMINO NA VIVUMISHI: MAFUNZO YA KIPINDI KIMOJA CHA KIINDONESIA

Utangulizi

Mwanachuo anapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha na kupangiwa vipindi vya Kiswahili katika madarasa ya mwanzo, hukutana na tatizo ambalo aghalabu halioni. Yeye mwenyewe husema "mlango mkubwa", "kiti kikubwa" na "nyumba kubwa" pasipo kufikiri. Lakini mtoto aliye mbele yake huenda nyumbani kwao wanazungumza Kimasai, Kiiraqw, Kisukuma au Kihaya. Hata kama lugha ya kwao ina upatanisho wake, viambishi vyake si hivi vya Kiswahili. Mwalimu hushangaa mtoto anapokosea, kwa kuwa si rahisi mtu kuukumbuka uzito wa mzigo alioutua zamani.

Kwa ajili hiyo tumejiwekea desturi. Kabla wanachuo wetu hawajaenda shuleni, tunawapa kipindi kimoja cha dakika 40 katika lugha ambayo hakuna hata mmoja wao aijuaye. Lugha hiyo ni Kiindonesia, na mada ni kuieleza nyumba. Katika makala haya tunakusudia kukieleza kipindi hicho hatua kwa hatua, kisha kuonyesha mambo mawili tuliyojifunza kwacho. La kwanza linahusu sarufi. La pili linahusu mtoto mwenyewe, nalo ndilo zito zaidi, ingawa hatukulitazamia.

Kwa nini Kiindonesia?

Indonesia ni nchi yenye visiwa zaidi ya 17,000 na lugha za kienyeji zaidi ya 700. Lugha yenye wazawa wengi kuliko zote ni Kijava. Hata hivyo, vijana waliokutana mwezi Oktoba 1928 katika mji wa Batavia, ambao leo ni Jakarta, hawakukichagua Kijava kiwe lugha ya umoja. Walichagua Kimalei, lugha iliyokuwa ikitumika bandarini na sokoni miongoni mwa watu wa makabila mbalimbali, nao wakakiita Kiindonesia. Uhuru ulipotangazwa tarehe 17 Agosti 1945, katiba iliyopitishwa siku ya pili yake ilikifanya kuwa lugha ya dola. Msomaji ataona mara moja kwamba historia hii haiko mbali na ya Kiswahili kwetu.

Matokeo yake shuleni nayo yanafanana na ya kwetu. Mtoto wa Kijava nyumba anaiita "omah". Mtoto wa Kisunda anaiita "imah". Wote wawili wakifika shuleni hufundishwa kusema "rumah". Mwalimu wa shule ya msingi huko, kama mwalimu wetu, hana budi kumvusha mtoto kutoka lugha ya jikoni kwa mama yake hadi lugha ya taifa.

Sababu ya pili ni wepesi wa matamshi. Kwa tahajia iliyoanza kutumika mwaka 1972, herufi "c" hutamkwa kama "ch" yetu. Herufi "ng" hutamkwa kama katika neno letu "ng'ombe", na "ngg" hutamkwa kama "ng" ya "ngoma". Sauti ngeni kwetu ni "e" dhaifu katika maneno kama "besar", na "h" ya mwisho katika "rumah", ambayo yapasa isikike. Yapo pia maneno ambayo mwanachuo huyatambua kwa furaha: "meja" ni meza, na "bendera" ni bendera. Yote mawili yaliletwa na Wareno huko na huku.

Kipindi chenyewe

Zana zetu ni chache: michoro miwili ya nyumba, mmoja wa nyumba kubwa na mmoja wa nyumba ndogo, pamoja na mlango, dirisha na ukuta wa darasa. Kiswahili hakitumiki mpaka kipindi kikaribie mwisho.

Hatua ya kwanza: nomino. Tunaugusa mlango na kusema, "Ini pintu." Tunalionyesha dirisha la mbali na kusema, "Itu jendela." Neno "ini" ni hii au huu, na "itu" ni ile au ule. Tunafundisha nomino tano tu: rumah (nyumba), pintu (mlango), jendela (dirisha), dinding (ukuta) na atap (paa). Tano zinatosha. Tulipojaribu kufundisha kumi, wanachuo walizichanganya zote, nasi tukapoteza robo saa kuzitenganisha.

Hatua ya pili: kivumishi kinachotoa taarifa. Tunauonyesha mchoro wa kwanza: "Rumah itu besar." Kisha wa pili: "Rumah itu kecil." Bila ya kuelezwa, wanachuo hufahamu kwamba "besar" ni kubwa na "kecil" ni ndogo. Kisha tunaongeza "putih" (nyeupe), "baru" (mpya) na "bersih" (safi). Hapa ndipo wengine huanza kuhangaika. Wanatafuta neno lililo sawa na "ni". Katika sentensi hii halipo. "Rumah itu besar" ni sentensi kamili yenye maneno matatu tu: nyumba, ile, kubwa.

Hatua ya tatu: kivumishi kinachoandamana na nomino. Tunalihamisha neno moja tu: "rumah besar itu". Sasa si sentensi tena. Ni "nyumba kubwa ile", na msikilizaji anangoja aambiwe ina nini. Tukiongeza "baru" tunapata sentensi: "Rumah besar itu baru", yaani nyumba kubwa ile ni mpya. Tofauti yote imebebwa na mahali pa neno "itu". Tunalirudia zoezi hili kwa pintu, jendela, dinding na atap mpaka kila mwanachuo aweze kulihamisha neno hilo mwenyewe.

Mwanachuo atakuwa ameona kwamba kivumishi hufuata nomino, kama ilivyo katika Kiswahili. Majina ya nyumba maarufu za nchi hiyo huthibitisha kanuni hiyo. Huko Kalimantan, Wadayak walijenga "rumah panjang", yaani nyumba ndefu, ambamo familia nyingi hukaa chini ya paa moja, kila familia na chumba chake. Waminangkabau wa Sumatra Magharibi wana "rumah gadang". "Gadang" kwa lugha yao ni kubwa. Ncha za paa lake zimeinuka mfano wa pembe za nyati, na nyumba yenyewe hurithiwa kwa upande wa mama.

Lakini yapo maneno yaliyoungana hata maana yake ikawa nyingine. "Sakit" ni mgonjwa, lakini "rumah sakit" ni hospitali. "Kamar" ni chumba, lakini mtu akiuliza "kamar kecil" iko wapi, anatafuta choo. Kwetu sisi pia "haja ndogo" si haja yoyote iliyo ndogo. Mtu akitaka kusema chumba kilicho kidogo, pasipo kufikiriwa kwamba anasema choo, huweka neno "yang" katikati: "kamar yang kecil". Neno hili hufanya kazi inayokaribiana na ile ya "-o" katika "kilicho" au ya "amba-".

Hatua ya nne: kukanusha. Hapa Kiindonesia kina kipimo kizuri ambacho Kiswahili hakina. Sisi husema "Nyumba ile si kubwa" na pia "Hii si nyumba", kwa neno lile lile "si". Mwindonesia hutumia maneno mawili. Kivumishi hukanushwa kwa "tidak": "Rumah itu tidak besar." Nomino hukanushwa kwa "bukan": "Ini bukan rumah." Mwanachuo asiyejua tofauti ya nomino na kivumishi hujidhihirisha hapo hapo. Wapo waliokwisha kukariri maana za istilahi hizo kwa miaka mingi, lakini walikuja kuona kazi yake siku hiyo.

Hatua ya tano: nyumba imejengwa kwa nini? Hatua hii haikuwamo hapo kwanza, na sababu ya kuiongeza tutaieleza baadaye. Kitu kilichotengenezea nyumba hutajwa kwa nomino inayofuata nomino nyingine, bila ya kiungo: rumah kayu (nyumba ya mbao), dinding bambu (ukuta wa mianzi), atap seng (paa la mabati), atap alang-alang (paa la nyasi), lantai tanah (sakafu ya udongo). Katika sentensi kamili hutumiwa pia neno "dari": "Dindingnya dari tanah", yaani ukuta wake ni wa udongo.

Funzo la kwanza: uzito wa upatanisho

Mwisho wa kipindi tunaandika ubaoni safu mbili. Upande wa kushoto: rumah besar, pintu besar, jendela besar, dinding besar, kursi besar. Upande wa kulia: nyumba kubwa, mlango mkubwa, dirisha kubwa, ukuta mkubwa, kiti kikubwa. Hatuhitaji kusema mengi. Mwanachuo aliyefurahia wepesi wa safu ya kushoto kwa nusu saa huitazama safu ya kulia kwa macho mapya. Naye akiandika wingi wake, yaani milango mikubwa, kuta kubwa, viti vikubwa, huona mzigo ukizidi.

Lakini si vizuri kumwacha mwanachuo na mshangao tu. Twende hatua moja mbele na kuuliza: je, Kiswahili hakina sehemu yake iliyo nyepesi kama Kiindonesia, ambayo mwalimu angeweza kuanzia? Ipo. Vivumishi kadha vilivyotoka katika Kiarabu havibadiliki: nyumba safi, mlango safi, kiti safi, kuta safi. Hali kadhalika "imara". Kwa vivumishi hivyo mtoto aweza kujifunza mahali pa kivumishi na kazi yake pasipo kushughulika na viambishi.

Hatua ya pili ni kuchukua kivumishi "-kubwa" pamoja na nomino ambazo hazikidai kiambishi: nyumba kubwa, dirisha kubwa, paa kubwa. Hatua ya tatu ni kuleta ngeli moja yenye kiambishi, kwa mfano mlango mkubwa, mkeka mkubwa, mti mkubwa. Siku nyingine iletwe ngeli nyingine: kiti kikubwa, kitanda kikubwa, chumba kikubwa. Kivumishi "-refu" kingoje, maana huleta "ndefu" katika "nyumba ndefu" na "refu" katika "dirisha refu". Mwalimu afundishaye kubwa, ndefu na nyeupe katika ngeli tano kwa kipindi kimoja anawapima watoto jambo ambalo bado hajawafundisha.

Funzo la pili: kosa letu

Mara ya kwanza tulipotoa kipindi hiki, tulikimaliza kwa zoezi tulilodhani ni jepesi. Tulimwomba kila mwanachuo asimame na kuieleza nyumba ya kwao kwa Kiindonesia. Wa kwanza alisema, "Rumah saya besar." Nyumba yangu ni kubwa. Wa pili alisema vivyo hivyo na kuongeza kwamba ni nyeupe. Wa tatu alisema ni kubwa, mpya na safi. Wanachuo zaidi ya 30 walisimama, na hakuna hata mmoja aliyelitumia neno "kecil". Sarufi yao ilikuwa sahihi. Tuliwasifu.

Ndipo mwanachuo mmoja wa nyuma aliponyosha mkono, akauliza, "Mwalimu, udongo na nyasi huitwaje kwa lugha hii?" Hatukuwa tumewafundisha. Tulipompa maneno hayo, alisimama akasema polepole: "Rumah saya kecil. Dindingnya dari tanah, atapnya dari alang-alang. Rumah saya bersih." Nyumba yangu ni ndogo. Ukuta wake ni wa udongo, paa lake ni la nyasi. Nyumba yangu ni safi. Darasa lilinyamaza. Sentensi zake zilikuwa bora kuliko zote zilizosemwa siku ile, nazo peke yake ndizo zilizotuonyesha nyumba.

Tuliporudi ofisini tuliitazama tena michoro yetu. Nyumba kubwa tulikuwa tumeichora kwa uangalifu, ina mapazia na maua. Ile ndogo tuliichora haraka haraka, kuta zake zimepinda. Basi neno "kecil" tulikuwa tumelifundisha pamoja na aibu yake. Wanafunzi wetu, nao ni watu wazima, waliielewa aibu hiyo upesi kuliko walivyoielewa sarufi.

Jambo hilo lilitukumbusha kosa la zamani zaidi. Tulipokuwa sisi wenyewe kwenye mazoezi ya kufundisha, katika darasa la tatu la shule moja ya kijijini, tuliandika ubaoni vivumishi zuri, kubwa, pya na safi, tukamwambia kila mtoto aieleze nyumba yao. Msichana mmoja alisimama akasema, "Nyumba yetu ni kubwa na nzuri. Ina madirisha ya vioo." Wenzake waliangua kicheko, maana nyumba yao waliijua. Sisi hatukujua wanacheka nini. Tulimwandikia alama ya vema, kwa kuwa upatanisho ulikuwa sahihi. Msichana yule hakunyosha mkono tena mpaka tulipoondoka. Kwa miaka mingi tuliamini kwamba mtoto yule alisema uongo. Sasa tunaona kwamba alisema kile kilichowezekana kusemwa kwa maneno manne tuliyompa.

Hapo ndipo lilipo jambo kuu la makala haya. Somo la lugha humpa mtoto maneno. Maneno hayo yasipoitosha nyumba yake, atanyamaza, au ataieleza nyumba isiyo yake. Kwa vyovyote vile hajafundishwa kueleza.

Mambo ya kuzingatia

1. Tenganisha vivumishi vya kuona na vivumishi vya kuhukumu. Kubwa, nyeupe, ndefu na pana ni mambo ya kuona. Watu wawili wakitazama watakubaliana. Nzuri na mbaya ni hukumu. Anza na vya kuona, na vya kuhukumu viache mpaka watoto waweze kutoa sababu.

2. Fundisha majina ya vitu vinavyojenga nyumba mapema, na vyote vikae ubaoni pamoja: mabati, nyasi, makuti, matofali, udongo, miti, mianzi. Usivipange kama ngazi kutoka duni hadi bora. Rumah gadang iliyotajwa hapo juu hujengwa kwa mbao, na paa lake kwa desturi ni la nyuzi za mti wa jamii ya mnazi. Wenyeji wanajivunia nyumba hiyo.

3. Ukichora, ichore nyumba ndogo kwa uangalifu ule ule. Mtoto huusoma mkono wa mwalimu kabla ya kulisoma neno.

4. Usimlazimishe mtoto aieleze nyumba yao mbele ya darasa. Anza na nyumba ambayo wote wanaiona, kama vile jengo la darasa au jiko la shule. Kisha mtoto achague mwenyewe kitu kimoja cha nyumbani apendacho kukieleza: kigoda, mtungi, mkeka, dirisha.

5. Usicheke kosa la sarufi, na usikubali wenziwe wamcheke. Na mtoto akisema jambo ambalo unadhani si kweli, jiulize kwanza ulimpa maneno gani.

Wapo walimu wanaotuambia kwamba tahadhari hizi zitamfanya mtoto aione nyumba ndogo kuwa inatosha, asitamani nyumba bora. Hatukubaliani nao. Mtoto anayeweza kusema kwa usahihi kwamba paa linavuja, dirisha ni dogo na moshi hautoki, ndiye atakayeweza siku moja kueleza linalotakiwa kurekebishwa. Aliyefundishwa kusema "nzuri" tu hana la kuanzia.

Mazoezi kwa mwanachuo

(a) Fafanua kwa Kiswahili tofauti ya "pintu baru itu" na "Pintu itu baru".

(b) Jaza "tidak" au "bukan": Ini ____ jendela. Jendela ini ____ besar. Itu ____ rumah sakit. Eleza sababu ya kila jibu.

(c) Andika vivumishi 10 vya Kiswahili vinavyotumika kuielezea nyumba. Vigawe katika mafungu mawili, vya kuona na vya kuhukumu. Kisha onyesha ni vipi kati yake visivyobadilika kwa ngeli.

(d) Tayarisha andalio la somo la darasa la pili lenye nomino tano za nyumbani na kivumishi kimoja tu. Eleza kwa nini umechagua ngeli hizo na si nyingine.

(e) Ieleze kwa sentensi sita za Kiswahili nyumba uliyolelewa, bila ya kutumia "nzuri" wala "mbaya". Zoezi hili si la kusomwa mbele ya wenzako ila kwa hiari yako.

Hitimisho

Kipindi kile cha Kiindonesia tunaendelea kukitoa kila mwaka. Nyumba ndogo tumeichora upya, na maneno "tanah" na "alang-alang" huingia ubaoni kabla ya wanachuo kuyauliza. Tangu tufanye hivyo, zoezi la mwisho limebadilika. Wako wanaosema nyumba yao ni kubwa, wako wanaosema ni ndogo, na wako wanaotaka kujua neno la kuzizi au la uchaga, hata tukashindwa kuwajibu na kulazimika kufungua kamusi. Tunadhani mwalimu anayefunguliwa kamusi na maswali ya wanafunzi wake yuko katika njia iliyo sawa.